Nilipima Njia Siku ya Jumapili

Mfumo ulitaka idara moja. Karani wa ofisi ya uzamili aligeuza kompyuta ili nijionee mwenyewe: kisanduku kimoja, orodha ndefu ya idara, na ruhusa ya kuchagua moja tu. Nikamwambia kozi yangu ni ya taaluma mseto, ina idara mbili, ndivyo tangazo lilivyosema na ndivyo barua ya kunikubali ilivyosema. Akanitazama kwa huruma ya mtu ambaye chakula chake cha mchana kinapoa ndani ya droo.

"Madam, mimi nakuelewa," akasema. "Lakini hii kompyuta haikuelewi. Chagua moja ndio usonge."

Nikachagua idara ya ramani, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Nikatoka hapo nikijiambia ni kisanduku tu, hakina maana.

Baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi nyumbani kwetu magharibi, huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nilipomweleza kwa simu kwamba nasoma vitu viwili kwa pamoja, vipimo vya ardhi na maisha ya watu, alisema, "Mama, njia mbili zilimshinda fisi." Nikamwambia fisi yule hakuwa na wasimamizi wawili. Akasema basi fisi alikuwa na afadhali.

Mimi ni mpima ardhi. Kwa miaka kumi na mitano nimefanya kazi katika ofisi moja Hurlingham, Nairobi, ghorofani, juu ya duka la dawa. Kazi yangu ni kumwonyesha mtu mahali kiwanja chake kinapoishia na cha jirani kinapoanzia. Inanifaa, maana siwezi kukaa. Tangu utotoni miguu yangu hutikisika chini ya meza, na kwenye mkutano wowote mimi ndiye ninayetafuta sababu ya kwenda kufungua dirisha. Nilipofika umri wa miaka thelathini na tisa, mtikisiko huo ukapanda kutoka miguuni hadi kichwani. Nilikuwa nachora mipaka vizuri sana na nilikuwa nimechoka nayo kabisa.

Kilichonichokoza ni kona moja ya Loresho, mtaa wa wenye nafasi. Ofisi ilinituma huko kutafuta bikoni, alama ya mpaka, iliyopotea kwenye ploti ya mtu. Nikiwa nimeinamia mashine, watu walikuwa wakipita mbele yangu bila kukoma: akina mama fua na mabeseni yao, askari wa zamu waliobeba sweta mkononi, mpishi mmoja aliyekuwa akitembea huku akisoma gazeti. Walitoka Kangemi, mtaa wa watu wa kipato kidogo, wakavuka barabara kuu, wakashuka bondeni, wakapita juu ya kijito kwa magogo mawili, wakapanda na kutokea katikati ya nyua za kayaba, ile miti ya miiba. Kwenye ramani yangu hapakuwa na chochote mahali hapo. Palikuwa peupe. Niliporudi nikamuuliza mkubwa wangu kwa nini njia ile haipo kwenye ramani yoyote. Akajibu bila kuinua macho, "Hiyo si njia. Ni watu wanapita."

Jibu hilo lilinikera kwa miezi. Nilikuwa nikipiga mswaki nalisikia. Mwishowe ndilo lililonipeleka chuoni.

Madarasa yalikuwa ya jioni, katikati ya jiji. Saa kumi na moja nilikuwa natoka Hurlingham kwa miguu, nateremka na kupanda, nayapita magari yaliyokwama kwenye foleni, nikifika nimelowa jasho na nimeshajibishana kichwani na kila mhadhiri. Darasani tulikuwa mkusanyiko wa ajabu: nesi, wakili, afisa wa kilimo, na wengine kama mimi waliochoka kuwa kitu kimoja. Tulielewana haraka. Shida haikuwa darasani, shida ilikuwa wasimamizi.

Wangu wawili walikuwa katika majengo mawili, kati yao kiwanja cha kuegesha magari. Wa ramani alikuwa mzee mpole mwenye penseli sikioni, anayependa nambari zenye desimali nyingi. Wa masomo ya jamii alikuwa mama mmoja makini, ghorofa ya nne, ambaye alikuwa akivua miwani kila asipokubaliana nawe. Nilimpelekea wa kwanza pendekezo langu la kupima njia ile ya Loresho na kuandika maisha ya wanaoipita. Akasema, "Ni kazi nzuri sana, lakini hii ni ya wale wa ghorofa ya nne." Nikavuka kiwanja, nikapanda ngazi. Wa ghorofa ya nne akasema, "Nzuri, lakini naona hii ni ya wale wa ramani." Nilikuwa kama mgeni anayesifiwa nguo zake mlangoni huku hakuna anayemwambia karibu ndani. Nilikivuka kiwanja kile mara nyingi hadi mlinzi wa magari akaacha kuniuliza naenda wapi.

Hatimaye walitia sahihi wote wawili, nadhani kwa kuchoka kuniona.

Pale njia ilipotokea kwenye nyua, kwenye kona, palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa upande wa Kiambu, mwenye mikono minene ya kukanda unga na macho yasiyopitwa na kitu. Kila aliyeipita njia ile alipita mbele yake. Alijua nani amechelewa, nani amefukuzwa kazi, nani amebadilishiwa zamu, na kwa mkubwa gani kuna wageni leo. Mtu akikosa kupita siku mbili, yeye ndiye aliyeulizia. Nje ya kibanda aliweka jiwe moja la kuchonga, limezama kwenye udongo, ambapo wateja waliketi wakinywa chai. Mara ya kwanza nilipoketi hapo akaniuliza ile mashine ya miguu mitatu inatafuta nini. Nikamwambia naipima njia.

"Kwani imepotea?" akauliza.

Tangu siku hiyo akaniita injinia. Nilimweleza mara kadhaa kwamba mimi si injinia. Akasema, "Sawa, injinia."

Nilijua upesi kwamba utafiti wangu wote utasimama juu ya mama huyu. Bila yeye nilikuwa na mstari tu. Nikamletea fomu ya ridhaa, ile ambayo kila mtafiti lazima asaini na mtu anayemhoji. Nilikuwa nimeitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na kujivunia. Wengi hutia sahihi bila kusoma. Yeye alifuta mikono, akaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akiacha unga kwenye karatasi. Akafika penye maneno yasemayo kwamba mshiriki ana haki ya kujiondoa wakati wowote, bila kutoa sababu.

"Hii ya kujiondoa ni ya ukweli ama ni ya kuandikwa tu?"

"Ni ya ukweli."

"Wakati wowote?"

"Wakati wowote, mama."

"Hata kanisani ukitoka watakuja kukutafuta," akasema, akacheka, akasaini nakala mbili. Yake aliikunja na kuitia ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Jumamosi nne mfululizo nilimrekodi kwa simu, nikiwa nimeketi kwenye jiwe lile. Aliyoniambia katika rekodi hizo sitayaandika hapa, na sababu utaiona. Nitasema tu kwamba nilikuwa nikirudi nyumbani Muthangari, kwenye kijumba cha uani ninachopanga nyuma ya nyumba ya watu, nikiwa siwezi kukaa wala kusimama kwa furaha. Nilisikiliza sauti yake nikipika. Nilijua nina kitu.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Na hapa ndipo ninapotaka mtu anisikilize vizuri, kwa sababu kosa langu halikuwa la mtu mjinga. Lilikuwa la mtu anayejua kazi.

Njia ya miguu husogea. Mvua ikinyesha watu hukwepa tope, na baada ya mwezi njia imehamia kando. Nilitaka kurudi mara kwa mara niuone mwendo huo, na kwa hiyo nilihitaji alama zisizosogea za kupimia. Siku za kazi haiwezekani. Watu hukanyaga miguu ya mashine, husimama mbele yake, huuliza maswali, huomba kupigwa picha. Nikaamua kwenda Jumapili asubuhi, wakati watu wote wako kanisani.

Njia ilikuwa tupu toka Kangemi hadi kwenye nyua. Nilimshukuru Mungu, kwa sauti.

Nilifanya kazi kwa utulivu ambao sikuwa nimeupata kwa mwaka mzima. Kila nilipopata kitu imara nilikipaka alama: kwenye ukingo wa barabara, kwenye tako la mlingoti wa umeme, kwenye kalivati karibu na kijito. Alama kumi na moja, kila moja na nambari yake. Kibanda cha mama kilikuwa kimefungwa turubai. Jiwe lake lilikuwa penye pembe ya njia, mahali penyewe nilipopahitaji, na nilipolisukuma kwa mguu halikutikisika hata kidogo. Mpima ardhi akipata jiwe la namna hiyo hafikirii mara mbili. Nikalipaka nambari saba.

Rangi ilikuwa nyekundu. Katika stoo ya ofisi nyeupe ilikuwa imekauka, na nyekundu huonekana vizuri kwenye nyasi. Hiyo ndiyo sababu yote. Na alama yenyewe ilikuwa ile ninayoipaka tangu nianze kazi, mistari miwili iliyokatana.

Nimeishi Nairobi miaka ishirini. Najua X nyekundu inasema nini ikikutwa kwenye ukuta wa mtu. Mtoto wa darasa la tatu anajua: ukipakwa hiyo, tingatinga liko njiani, na usipotoa vyako mapema utavitafuta kwenye kifusi. Nimeziona kwenye maduka, kwenye makanisa, kwenye nyumba zenye mapazia bado dirishani. Lakini hizo zote zilipakwa na mtu mwingine. Hii ilikuwa ikitoka kwenye brashi yangu, kwa ajili ya utafiti unaowapenda watu hawa, na kwa hiyo sikuiona.

Wiki hiyo nilichora ramani. Ilitoka safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Msimamizi wa ramani aliitazama, akatoa penseli sikioni, akairudisha bila kusahihisha kitu.

Jumamosi nilishuka Loresho na mandazi ya kumpelekea mama, kwa utani, maana alikuwa akidai sisi watu wa magharibi mwa nchi hatujui kupika mandazi. Kibanda hakikuwepo. Palikuwa na mashimo manne ya nguzo, na katikati yake pamefagiliwa. Alikuwa amefagia kabla ya kuondoka. Jiwe pia halikuwepo, na njia yenyewe haikuwa na mtu.

Nilipandwa na hasira hadi nikasikia masikio yakiwaka. Nikampigia simu msimamizi wa ghorofa ya nne pale pale nikimwambia wamembomolea, wamembomolea mama wa watu. Niliketi chini na kuandika ukurasa mzima na nusu kuhusu ukatili wa jiji hili. Ulikuwa ukurasa mzuri. Ninao bado.

Askari wa lango la jirani alikuja kuona nani anaongea peke yake. Alikuwa mtu wa kwetu, tukasalimiana kwa lugha ya nyumbani kwanza, halafu nikamuuliza nani aliyekuja kubomoa.

"Hakuna mtu amekuja, sista," akasema. "Ni alama ndio ilikuja. Jumatatu asubuhi tukaikuta. Imeanzia huko chini kwa mto mpaka hapa. Yule mama kuona tu jiwe yake iko na X, akaanza kufungua mabati. Jumanne alikuwa ameenda."

"Alama gani?"

Akanipeleka kwenye mlingoti wa umeme, akanionyesha. Ilikuwa nambari nne yangu, yenye kichwa kilichofungwa, kama baba alivyonifundisha kuiandika.

"Ni nani aliweka?" nikauliza. Mungu anisamehe, niliuliza.

"Nani anajua? Hao watu hukuja Jumapili, watu wakiwa kanisa."

Sikumwambia. Nilisimama pale na mandazi mkononi, nikitikisa kichwa pamoja naye kuwalaani hao watu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio kuliko nilivyodhani mambo ya ardhi yanaweza kwenda. Akina mama fua waliambiwa na askari wasipite huko, wasije wakakutwa siku ya tingatinga. Wakaanza kuzunguka na barabara kubwa, mwendo mrefu mara mbili. Majani yakaanza kuinuka kwenye njia. Wiki ya tatu chama cha wakaazi, kilipoona kona haina mtu, kiliweka nguzo na waya, kikapanda miche ya kayaba na maua mbele yake. Sidhani walikuwa watu wabaya. Waliona nafasi iliyo wazi wakaitengeneza. Njia ile haikuwa na cheti wala mwenyewe. Kilichokuwa kikiilinda ni miguu ya watu na kibanda kimoja cha chai, na mimi nilikuwa nimeviondoa vyote kwa kopo moja la rangi.

Nilirudi na kisugulio na chupa ya tina ya kuondolea rangi, nikafuta alama kumi. Ilinichukua siku nzima na haikusaidia mtu yeyote.

Msimamizi wa ramani nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema kwa upole wake wote, "Basi wewe ndiye mwenye rekodi ya mwisho ya njia hiyo. Ina thamani." Alikuwa akinifariji. Nikavuka kiwanja, nikapanda ghorofa ya nne. Yule mama alivua miwani kabla sijamaliza.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Basi usiniletee ukurasa mwingine mpaka umwambie."

Nilimtafuta Kangemi Jumamosi tatu, nikiulizia mama wa chai wa Loresho, hadi nikampata nyuma ya soko, kando ya ua wa kanisa. Kibanda kilikuwa nusu ya kile cha zamani. Aliponiona alipiga makofi yenye unga.

"Injinia! Umenipata!" Akanivuta ndani, akanimiminia chai. Halafu akanitazama na kusema, kwa masikitiko ya kweli, "Na wewe pia wamekuharibia kazi yako."

Alinipa pole. Mimi. Nilikuwa nimepanga maneno toka Muthangari hadi hapo, njia nzima kwa miguu, na yote yakayeyuka. Nikanywa chai. Nikaulizia wateja. Kisha, na hili ndilo ninaloliona aibu kuliko rangi, nikatoa simu nikamrekodi. Nilijiambia maelezo ya mtu aliyehamishwa ni sehemu muhimu ya utafiti. Jumamosi iliyofuata nikarudi, nikafanya vivyo hivyo. Mguu ulitikisika muda wote hadi akaniuliza kama naumwa.

Nitasema mapema, ili mtu asibaki akingoja: tasnifu ilipita. Ilipita na masahihisho. Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu na maji ya chupa, na wasimamizi wangu wawili wakaketi mbali mbali kama ndugu waliogombania shamba. Mtahini kutoka nje alifunua ramani yangu, akaisifu, akafunua tena mbele na nyuma. Akauliza kwa nini njia iliyopimwa kwa makini namna hiyo haina mtu anayezungumza ndani yake. Kuna askari wawili na mpishi, akasema, lakini unahisi kuna mtu mkubwa hayupo. Nikamjibu kwamba alikuwepo akaomba kutoka. Akaandika kitu. Nikawaeleza habari ya rangi, iko katika sura ya tano, kurasa kumi na nne, ndizo ngumu zaidi nilizowahi kuandika. Baba alifurahi sana. Akasema yule fisi sasa ana kofia.

Lakini siku ninayoikumbuka si hiyo. Ni Jumamosi ya tatu tangu nimpate kule Kangemi.

Nilifika asubuhi, wateja wawili walikuwa wakingoja. Jiko lilikuwa limesogezwa, na kwa mara ya kwanza nikaona limewekwa juu ya nini. Lilikuwa lile jiwe. Upande uliotazama nje ulikuwa na X yangu na nambari saba, nyekundu bado.

"Ulilibeba?" nikauliza.

"Na mkokoteni. Hiyo siwezi acha." Simu ilikuwa mfukoni, na yanayofuata ameniruhusu kuyasema. Aliniambia kwamba kabla ya Loresho alikuwa na kibanda kando ya barabara kuu. Walipakwa alama, wengine wakasema ni vitisho tu, naye akangoja nao. Tingatinga lilipopita, kitu pekee alichokitoa kizima ni jiwe hilo. "Kwa hivyo hii ya pili sikungoja mtu," akasema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wenyewe niliuweka mimi.

"Mama, hiyo alama ni yangu."

"Gani?"

"Hiyo ya jiwe. Na za njia nzima. Nilizipaka mimi, Jumapili, nikipima. Hazikuwa za kubomoa. Zilikuwa za kupima tu."

Chapati ilikuwa kwenye kikaango. Hakuigeuza. Nilisikia harufu ya kuungua, na wateja wawili wakawa wanatazama kikaango badala ya kututazama.

"Kwa hivyo hakuna mtu alikuwa anakuja kubomoa."

"Hakuna."

"Ni mimi nilijibomolea."

"Hapana, mama, ni mimi..."

"Ngoja. Usiniharakishe." Akaitoa chapati iliyoungua, akaiweka kando. "Kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa kanisa tu. Saa nane ningekuwa hapo."

Nilikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Nikatoa la kweli. "Nilitaka kuipima bila watu."

Alichukua mkebe wa majani ya chai, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya meza ya unga. Kidole kikashuka mstari kwa mstari hadi kikafika.

"Hapa. Wakati wowote, bila kutoa sababu. Ulisema ni ya ukweli."

"Ni ya ukweli."

"Basi nitoe."

Nilijua anachokichukua, ndicho kilichokuwa utafiti wenyewe. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejua haki yake ya kuuliza imekwisha, kama anamaanisha rekodi zote.

"Maneno yangu yote. Hii hadithi yako ya rangi ni yako, andika ukitaka, na ya jiwe pia weka. Lakini zile zangu za njia, niachie."

Nikatoa simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye faili ya kwanza aliponishika mkono.

"Hebu nisikie kwanza."

Nikaweka sauti juu. Ikatoka Loresho ya zamani: nyayo kwenye changarawe, vikombe, jiko likitoa cheche, na sauti yake ikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeigundua kuwa ni furaha hadi nilipoisikia hapa. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipocheka kwenye rekodi, alitabasamu kidogo. Mteja mmoja akataka kusema kitu, akamnyamazisha kwa mkono. Kisha kwenye rekodi akasikika akimwita mtu aliyekuwa akipita, akimuulizia mtoto wake kama amepona homa, na mwanamke kwa mbali akajibu, amepona, asante, tutaonana jioni.

"Huyo sijawahi mwona tena," akasema.

Tukasikiliza hadi nyayo za yule mwanamke zikaisha.

"Futa."

Nikazichagua zote, za Loresho na zile mbili nilizozirekodi hapo Kangemi bila haya. Nakala za kwenye kompyuta nilizifuta jioni hiyo hiyo. Simu ikauliza kama nina hakika, maana hazitarudi. Nikasita. Akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe kwa kidole chenye unga, kisha akanirudishia simu yangu na kuwageukia wateja.

"Nani alikuwa wa chapati mbili?"